Siku Walipoililia Meza Yangu

Mtu akikuambia kwamba anafurahia watoto wake saa zote, bila kuchoka, muulize kwanza kama anao. Mimi ninao wanne. Tena ni mwalimu wa darasa la pili, kwa hiyo nikiagana na watoto wa watu mchana, narudi nyumbani kwa wa kwangu, na hao hawana kengele ya kwenda zao. Ninawapenda. Ninawapenda zaidi wakiwa wamelala, au wakiwa kwa mama yao mdogo kule Makomeno.

Baba yao anafanya kazi mgodini, upande wa Kolwezi. Anarudi mwisho wa mwezi na mfuko wa nguo chafu, watoto wanamrukia, anakula, analala, anaondoka. Akiwa nyumbani ananiambia, "Mama, unachoka sana, pumzikako." Dakika hiyo hiyo anauliza soksi zake ziko wapi.

Neno moja kabla sijaendelea. Naandika Kiswahili cha kitabu kwa sababu ndicho kinachonilisha, lakini watu wa mtaa wetu wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, nitawaacha waseme kama wanavyosema: "bantu" badala ya watu, "njo" badala ya ndiyo, "ao" badala ya au, "bule" badala ya bure. Nikiwasahihisha hapa watanisubiri mlangoni.

Basi. Karibu na Noeli nilikwenda soko la mitumba kutafuta viatu vya shule. Viatu sikupata. Nilipata sanduku la katoni, pembe zake zimechakaa, na ndani yake picha iliyokatwakatwa vipande elfu moja ili mtu mwenye akili timamu akae aiunganishe upya. Picha yenyewe ilikuwa juu ya kifuniko: ziwa, mlima wenye theluji, nyumba kubwa ya mawe, na mbele kabisa bata mmoja mweupe mwenye mdomo wa njano, anaogelea na kiburi chake. Theluji sijawahi kuiona na sina haja nayo. Lakini nilipokuwa nimesimama pale sokoni, jua linanipiga kisogoni, nikawaza: hivi vipande havina mdomo. Hakuna hata kimoja kitakachoniuliza tutakula nini leo. Nikanunua.

Nyumbani tuna meza moja kubwa, ya kulia chakula. Nikaitwaa. Tangu siku hiyo familia ilikula ikiwa imeweka sahani magotini, na bukari, yaani ugali, ikianguka chini watoto walinitazama mimi, si aliyeiangusha. Kila nikimaliza kazi za nyumba nilipata robo saa, mara nyingine nusu, nikatafuta kipande, nikakiweka mahali pake, kikaingia na kamlio kadogo, tak! Sijui niseme nini juu ya kale kamlio. Kuna wanawake wanaopata amani hiyo kanisani na wengine wanaipata kwenye chupa. Mimi niliipata hapo.

Watoto walinipiga vita. Mkubwa alisema ni mchezo wa watoto wachanga, halafu nikamkuta ameinama pale, ulimi nje, anatafuta dirisha la ile nyumba ya mawe. Kitinda mimba alitia kipande cha mbingu puani. Tulikitoa kwa mafuta ya mawese na kupiga chafya, nikakipangusa, nikakiweka mahali pake. Mpaka leo nikiangalia ile pembe ya mbingu najua imetoka wapi. Nikaweka sheria: kila jioni shuka juu ya meza, na atakayeigusa ataosha sufuria zote, hata ile ya sombe, kisamvu chetu, iliyoungua.

Tatizo likawa komunyo. Mtoto wangu wa pili alikuwa apokee komunyo ya kwanza, na ndugu wote wa baba yake wangekuja kula kwangu. Mama mkwe alishapiga simu kuuliza kama meza bado ina ugonjwa. Mume wangu naye, ambaye kwa kawaida hana neno, alisema kwa upole, "Mama, ile siku bantu batakulia wapi? Ku magoti?" Siku ya Mungu iliyofuata, yaani Jumapili, ndiyo ilikuwa komunyo. Kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi moja tu, siku ya posho kama tunavyoiita huku tangu enzi za wazee wa migodi, kumaliza kila kitu. Nisipomaliza, ningebomoa kazi ya miezi yote na kuirudisha sandukuni. Zilikuwa zimebaki mbingu ya kulia, kipande cha ziwa, na yule bata.

Nikajipanga kama mwizi. Mdogo wangu alikuja asubuhi mapema na taksi kutoka Makomeno kuwachukua watoto wote mpaka jioni. Kila mmoja alibeba begi lake, maana wadogo hujimwagia kila kitu na lazima wawe na nguo za kubadili. Mdogo wangu aliangalia meza, akaniangalia mimi, akasema, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "uko mugonjwa." Nikamsukuma ndani ya taksi. Taksi ilipokata kona nikarudi, nikafunga geti na kuzima simu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Furaha ikakaa kidogo tu, kwa sababu kura ilikuwa imekatika. Kura ndiyo umeme kwetu, na ilikatika bila kuaga, kama kawaida yake. Sebule ikawa giza. Dirishani kwangu kuna mparachichi unaokula mwanga wote, na vipande vya mbingu vyote ni buluu. Gizani huwezi kujua buluu hii na buluu ile. Nikasimama, mikono kiunoni, nikaapa kwamba siku hiyo haitaharibiwa na mti. Nikavaa nguo ya kazi chafu, lile gauni jeusi lililobaki tangu matanga ya baba mkwe, nikafunga kitambaa kichwani, nikachukua panga. Nilikata matawi mpaka dirisha likapumua. Utomvu na vumbi vikaniingia machoni, yakawa mekundu. Kisha nikayaburuta matawi yote, mabichi, na majani yake, nikayalaza barabarani mbele ya geti ili mtu wa mkokoteni akipita ayabebe.

Sasa, kama wewe ni mtu wa Lubumbashi, umeshashika kichwa. Kwetu matawi mabichi yaliyolazwa barabarani mbele ya mlango yana maana moja tu. Gari lipunguze mwendo, muziki uzimwe: hapa kuna kilio, hapa mtu amekufa. Mtoto wa darasa langu anaijua alama hiyo kabla hajajua kuandika jina lake. Na mimi naijua vizuri sana. Lakini siku hiyo akili yangu yote ilikuwa mbinguni, ile ya katoni.

Nikarudi ndani, nikamimina chai, nikakaa. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepigana, hakuna aliyesema "Mama, huyu ananiangalia." Niliweka vipande vitano, sita, mfululizo, mpaka bata akatimia. Nikaanza kuimba kwa pua. Niliuliza moyoni, hivi wale matajiri wanaokwenda kupumzika Ulaya wanapata kitu gani zaidi ya hiki?

Geti likagongwa. Alikuwa jirani wa ukuta wa kushoto, mama anayekaanga vitumbua. Nikafungua kidogo tu, upana wa uso. Akaona gauni jeusi, macho mekundu, kitambaa kichwani. Nyuma yangu, kiwanja kimya, watoto hawapo, baba yao yuko mgodini. Na asubuhi aliwaona kwa macho yake wakipelekwa na mabegi, kama watoto wanavyoondolewa kwenye nyumba yenye msiba.

"Mama," akaniambia, "uko peke yako mu nyumba?"

"Niko peke," nikasema. "Tafadhali mama, uniacheko kidogo. Minataka kubakia peke."

Akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, unga wa vitumbua ukanibaki begani. Nikaona ni ajabu kidogo, lakini huyu mama huwa hivyo, hata kuku wake akitaga anakumbatia mtu. Nikafunga geti na kurudi kwenye ziwa langu.

Hazikupita dakika nyingi nikasikia wimbo. Ulikuwa mbali, kisha kona ya avenyu, kisha ukutani kwangu. Nikajisemea, masikini, kuna mtu amefiwa huku mtaani. Nikafanya ishara ya msalaba na kuweka kipande. Tak! Halafu geti langu likafunguliwa, bila kugongwa, na wimbo ukaingia kiwanjani.

Walikuwa wamama wa jumuia yetu ya kanisa, vitambaa vimefungwa, mikeka chini ya kwapa. Nyuma yao wanaume wenye viti vya plastiki, mwingine na turubai, mwingine na gunia la makala, yaani mkaa. Mbele ya wote alikuwa Nkambo. Nkambo ni neno letu la kumwita bibi au babu, na huyu kila mtu kwenye avenyu anamwita hivyo, ingawa wajukuu zake wa kweli hawajui hata mlango wake. Anakaa ng'ambo ya barabara, mjane wa mtu wa reli. Watoto wake wanane wametawanyika, Kinshasa, Johannesburg, wengine Ulaya, na nyumba yao kubwa imebaki na yeye tu na redio. Basi huyo Nkambo aliingia na yowe ambalo sijawahi kulisikia tena: "Mamaaa! Bwana ya mutoto yangu weee! Muntu muzuri vile! Asubui hii kabisa!"

Mwenye kilio haulizwi kitu kwetu. Hiyo ndiyo heshima. Humuulizi alikufa vipi, humuulizi saa ngapi, humuachi anyanyue hata kikombe. Unaingia, unalia naye, na mikono yako inaanza kazi. Ni desturi nzuri sana, imenishika mara mbili maishani nilipokuwa siwezi kusimama. Lakini ukiwa huna maiti, desturi hiyo ni balaa. Nilisema, "Munafanya nini?" Wakanijibu, "Kaa chini mama, utachoka." Nikasema, "Nani alikufa?" Wakatazamana, wakalia zaidi. Wawili wakanishika mabega, wakanikalisha juu ya godoro langu mwenyewe, ambalo sikuona limetoka chumbani saa ngapi.

Wakaanza kutoa vyombo. Kilio kikianza, sebule inatolewa vitu vyote ili wamama wakae chini. Viti vya sofa vikapita mbele yangu. Televisheni ikapita. Kabati la glasi likapita na picha ya harusi yetu juu yake, na mama wa vitumbua alipoiona akapiga kelele, "Angalia vile alikuwa nacheka!" Halafu nikaona wanaume wanne wanasimama kwenye pembe nne za meza.

"Hapana!" nikasema. "Ile meza hapana!"

"Tutairudisha, mama."

Wakainyanyua. Na vizuri waliinyanyua, polepole, hata bata hakutikisika. Lakini mimi naujua mlango wangu. Meza ile haipiti ikiwa imelala. Tulipohamia tuliiingiza kwa ubavu, na hata hivyo ilichubua ukuta. Yule wa mbele akafika mlangoni, akapima kwa jicho, akawaambia wenzake, "Tuipindue." Nikaona pembe moja inapanda. Nikaona mbingu inaanza kuteleza.

Sijui niliwatupaje wale mama wawili. Niliruka nikaanguka na tumbo juu ya meza, mikono nimeipanua, shavu kwenye theluji, nikalia kwa machozi ya kweli: "Meza yangu! Muache meza yangu! Jamani, leo tu, niachieni leo tu!"

Sebule yote ikavunjika kwa kilio. "Muache alie," mzee mmoja akasema, "pale njo bwana yake alikuwa nakulia." Na kama wanaume wale wangeendelea, tungepinduka wote, mimi na mlima na nyumba ya mawe. Kilichotuokoa ni Nkambo. Huzuni ilikuwa imemmaliza miguu, akawa amejitupa chini katikati ya mlango, anagaragara, na mlango uliozibwa na Nkambo haupitishi hata kuku. Wakabaki na meza hewani, mimi juu yake, hawawezi mbele wala nyuma. Ndipo wakaishusha.

"Sikilizeni," nikasema nikiwa bado nimelala pale. "Hakuna muntu alikufa."

"Njo vile inaanzaka," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Na miye nilikataaka vile."

Nikaomba simu yangu, nikaiwasha, nikampigia mume wangu, nikaweka sauti juu. Iliita. Watu wote walikuwa wanatazama ile simu kama itawang'ata. Kisha sauti yake ikatoka, nene, ya mtu aliyeamshwa baada ya zamu: "Allo? Mama? Hizi makelele ni ya nini?"

Mama wa vitumbua akakaa chini bila kiti.

"Banakulilia," nikamwambia.

"Miye?"

"Weye. Unakufa asubui, inaonekana."

Nilisikia anafikiri. Halafu akauliza, na sitamsamehe, "Beko bengi?"

Nilimkatia. Sebuleni kukawa kimya, kimya kile kile nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi, lakini sasa kilikuwa na watu arobaini ndani yake. Aliyekivunja ni mama mkubwa wa jumuia, kiongozi wao, mwenye rozari shingoni na sauti ya kuamrisha. "Kama kilio hakuna," akasema polepole, "matawi ya nini pa mulango?"

Hapo ndipo nilipokumbuka matawi.

"Nilikata muti. Nilitaka mwangaza."

"Mwangaza ya kufanya nini?"

Nikaonyesha meza kwa kidole. Wote wakasogea. Sehemu ya mbingu ilikuwa imemwagika chini, vipande viko katikati ya miguu ya watu, vingine vimeingia chini ya mikeka. Walitazama ziwa. Walitazama bata, ambaye katika fujo ile alikuwa amepoteza kichwa.

"Mama ya batoto bane," akasema mama mkubwa, "unafukuza batoto, unafunga geti, unazima telefone, juu ya bipande ya katoni?"

Nilikuwa na aibu, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikasema, "Ndiyo! Juu ya bipande ya katoni! Kila siku miye ni mama ya bantu. Leo nilitaka kuwa mama ya hakuna muntu, mpaka saa kumi, basi! Ni zambi?"

Mama wa vitumbua, mwenye watoto saba, akanivuta gauni akiwa pale pale chini. "Ile katoni," akaninong'oneza, "unaipataka ku soko gani?"

Wale waliovaa nyeusi wakapiga magoti kuniokotea mbingu. Ilikuwa kitu cha kuona: wanaume wazima wametambaa chini ya dirisha, wanaita, "Napata ingine! Hii ni ya mayi ao ya mbingu?" Kichwa cha bata hakikuonekana. Nje bukari ilikuwa tayari, huwezi kuimwaga, wakala. Rozari nayo ilikuwa imeanza, na mama mkubwa akasema sala ikianzishwa hairudishwi nyuma, kwa hiyo tukaimaliza kwa ajili ya maisha marefu ya mume wangu, ambaye tangu siku hiyo amejaa kiburi. Watoto waliporudi jioni walikuta viti vya watu kiwanjani, na mkubwa akaniambia, "Mama, tukitoka kidogo tu, unafanya feti?" kana kwamba nimeandaa sherehe.

Picha haikumalizika siku hiyo. Nilikaa juu ya godoro, natazama meza, najua kesho nitaibomoa. Watu walikuwa wanaondoka na mikeka yao. Nkambo tu alikuwa bado yupo. Alikuja akakaa karibu nami, akajipangusa uso na ncha ya kitenge.

"Nalia sana bule," akasema.

"Pole, Nkambo."

"Hapana. Ilikuwa muzuri. Kulia peke mu nyumba haina utamu." Akatazama meza, kisha akanitazama mimi. "Unatafuta kimya? Kwangu iko mingi. Kutoka asubui mpaka usiku, kimya tu. Inabakia bule. Kuya uchote."

Nilitaka kucheka. Nikaona hachezi.

Tulifanya hivyo. Yeye ana meza kubwa kuliko yangu, ya watu kumi, ya mbao nzito, aliyonunua mume wake watoto walipokuwa wanane na kelele. Wale wanaume wanne wakaitoa ile kwake, wakaileta kwangu kwa ajili ya komunyo. Halafu wakatoa yangu kuipeleka kwake, na safari hii tulihamisha vipande kwanza, kwa sinia, kwa vifuniko vya sufuria, kwa godoro hata, avenyu nzima inabeba nyumba ya mawe kuvuka barabara. Komunyo ilikwenda vizuri. Mama mkwe alisifu meza.

Baada ya hapo, kila siku ya posho, watoto wakiwa na mama yao mdogo au na baba yao kama yupo, nilivuka barabara. Nyumba ya Nkambo ni safi kupita kiasi, kama nyumba ambayo hakuna wa kuichafua. Viti kumi viko ukutani, vimepangwa. Juu yake picha za watoto, wamevaa makoti ya baridi. Mwanzoni nilitaka kukimbia, maana kimya chake alikuwa anakisifu bila kukipumzisha: aliongea nilipoingia, aliongea nilipokaa, aliongea nikiwa nimeshika kipande hewani. Alinisimulia reli yote. Siku moja nikamwambia, "Nkambo, kimya iko wapi?" Akacheka mpaka akakohoa, akafunga mdomo, na alijitahidi kweli, masikini, karibu nusu saa.

Kwa vipande hakuwa na msaada wowote. Kisipoingia alikipiga ngumi. Aliweka mlima ndani ya ziwa na kuapa kwamba ndiyo mahali pake. Nikigeuka kunywa chai alikuwa ameshapachika kitu mahali pasipo pake, anatazama dari. Lakini baridi ya Juni ilipoingia alileta mbabula, jiko letu la makala, ndani, makala yanang'aa, akanifunika mabega na koti la marehemu, na pale tulikaa, kila mtu upande wake. Nikawa nazisubiri zile Jumamosi. Sikuwa tena nahesabu kama nimekuwa peke yangu.

Ikafika siku mbingu ikaisha. Ziwa likaisha. Picha nzima ilikuwa imekaa mezani, imetimia, isipokuwa tundu moja dogo mbele kabisa, pale shingo ya bata inapoishia. Niliinama chini ya meza. Nilikung'uta mkeka, nikatikisa sanduku, nikalaani watoto wangu wote wanne kwa majina yao ya ubatizo.

"Ni bantu ya kilio," Nkambo akasema. "Mumoja alikibeba mu kiatu."

"Inawezekana."

Akafungua fundo la ncha ya kitenge chake ili achukue tumbako ya pua. Humo ndimo anamoweka kila kitu: funguo, tumbako, kipande cha sabuni. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi. Fundo likafunguka zaidi ya alivyotaka, na katikati ya tumbako nikaona mdomo wa njano.

Akalifunga haraka. Akageuka dirishani. Hakunusa tumbako yoyote.

Hasira ilinipanda, sitasema uongo. Miezi yote hiyo! Nimetambaa chini ya meza, nimemtuhumu kitinda mimba, nimemchungulia mpaka puani, na bata wangu analala kwenye kitenge! Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mbele yangu kulikuwa na mgongo wake, mdogo ndani ya sweta, na vile viti kumi. Nikahesabu ni vingapi vilivyokaliwa tangu mume wake afe. Viwili. Changu na chake, na hivyo tu vilikuwa vimepoteza rangi.

"Nkambo," nikasema.

"Mama."

"Naona kile kichwa kimechanganyika na bingine. Kinaweza kuwa chini ya mbingu, ao mu mulima. Inaomba tubomoe yote, tukitafute toka mwanzo."

Akageuka. "Yote?"

"Yote."

Alinitazama, na akajua kwamba najua. Kisha akakunja mikono ya sweta, akaweka viganja vyote viwili juu ya nyumba ya mawe, akaibomoa kwa furaha ambayo sijaiona hata kwa mtoto wa darasa la pili. Mlima ukaenda, ziwa likaenda, mbingu ya puani ikaenda. Tukarudisha vyote sandukuni, vikakaa lundo moja.

Akanisindikiza mpaka getini, ameshika fundo lake.

"Posho ingine uje asubui-asubui," akaniambia. "Bata ya vile inapoteaka sana."

Nikamwambia nitakuja.